Resori ya gari: vyombo vya kudai kwa fundi, na namna kazi inavyofanywa bila kuumiza mtu

Najua ukurasa huu umezoea madaftari, uji wa watoto na homa, na leo mnaniona naingia garaji. Sababu ni mbili. Ya kwanza, vikundi vyetu viwili vya akiba vimenunua gari la teksi, na kila mwezi pesa inakwenda kwa fundi bila mama hata mmoja kujua imefanya kazi gani. Ya pili ni nzito zaidi. Kila mwaka, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ukipita, kuna vijana wa darasa langu ambao hawarudi. Baada ya miezi michache nawakuta kando ya barabara, suruali nyeusi kwa mafuta, wamelala chini ya gari la mtu. Mama amempeleka mtoto kwa fundi ajifunze kazi. Sina neno baya juu ya hilo, ufundi ni mkate. Lakini mama yule yule ambaye angeuliza shuleni "mwalimu wake ni nani?" hamwulizi fundi "vyombo vyako viko wapi?"

Mama mmoja wa upande wa Panzi alinijia mwaka huu. Mtoto wake wa miaka kumi na mitano alirudi nyumbani na vidole viwili vimevunjika. "Mwalimu, anasema resori imemruka. Resori ni nini ya kumruka mtu?" Nilimweleza siku ile, na leo nawaeleza nyote, kwa sababu nimeona wengi wetu hatujui.

Resori, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaita springi, ni kile chuma kinene kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja, kilicho karibu na kila gurudumu. Ndicho kinachobeba gari. Amortisere iko pamoja nayo, lakini kazi yake ni nyingine: inatuliza mruko. Bila amortisere nzuri gari linarukaruka, bila resori nzuri gari linalala chini. Watu wengi wanachanganya hivyo viwili na kulipa kimoja wakati ugonjwa uko kwa kingine.

Sasa hesabu kidogo, ile tunayofundisha hata darasani. Mwingereza Robert Hooke aliandika mwaka 1678 kwamba resori inarudisha nguvu kwa kadiri inavyobanwa: ukiibana mara mbili zaidi, inasukuma mara mbili zaidi. Gari dogo la kilo 1000 hivi lina uzito mwingi mbele, kwenye mashine, tuseme kilo 600. Kila resori ya mbele basi inabeba karibu kilo 300. Resori kama hiyo ukiibana santimetre 12 tu, inasukuma kwa nguvu ya mifuko mitano ya simenti ya kilo 50. Na ikiachiliwa ghafla, pigo lake ni sawa na bido ya lita 20 iliyojaa maji ikianguka kutoka juu ya meza. Ila bido inaanguka chini tu, na mtu anaiona. Resori inaruka popote ilipoelekea, mkononi, kifuani au usoni, na hakuna jicho linaloiwahi.

Jambo ambalo vijana hawafundishwi ni hili: resori haipoteziwi nguvu kwa sababu gari limenyanyuliwa. Kwa magari madogo mengi tunayoyaona hapa Bukavu, resori ya mbele imefungwa pamoja na amortisere katika mguu mmoja. Mmarekani Earle MacPherson ndiye aliyebuni namna hiyo katika miaka ya 1940, na mpaka leo mguu huo unaitwa kwa jina lake. Ukiutoa mguu wote garini na kuulaza chini, unaonekana umelala salama. Lakini ndani yake resori bado imebanwa, na kinachoizuia ni ekru moja tu, ile ya katikati, juu kabisa. Mtoto akifungua ekru hiyo bila kubana resori kwanza, amefungua bunduki.

(Mama mwenye Hiace atasema yake haina kitu hicho. Ni kweli. Hiace nyuma ina vyuma bapa vilivyolaliana, lame, na mbele ina vyuma vinavyojipinda. Kwa hiyo fundi akikudai pesa ya resori za Hiace, mwulize akuonyeshe iko wapi.)

Utajuaje kama resori imechoka au imevunjika? Huna haja ya kuwa fundi. Tafuta mahali pa sawasawa, jambo ambalo katika mji wetu wa milima ni kazi, na simamisha gari tupu. Chukua santimetre ya mshonaji, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kuume. Tofauti ya santimetre moja na nusu au zaidi inatosha kumwita fundi. Sikiliza pia. Resori iliyovunjika mara nyingi inavunjika pete ya chini kabisa, pale maji na udongo vinapokaa na kutu inapokula, na gari linapiga "ko" ukiingia shimoni au ukikata kona. Inama uangalie na tochi. Ncha iliyovunjika ikigusa mpira wa gurudumu inaweza kuupasua gari likiwa mbioni, kwa hiyo gari la namna hiyo halipakii abiria hata siku moja zaidi. Najua shofere atasema "tumalizie juma hili." Msikubali.

Kuna dawa za uongo tatu ambazo nimeziona kwa macho yangu mjini humu. Ya kwanza ni kipande cha mti au cha mpira wa zamani kinachosokotwa kati ya pete za resori ili gari liinuke. Linainuka, ndiyo, lakini pete zile hazifanyi kazi tena, na nyingine zinabeba mzigo wote mpaka zinavunjika. Ya pili ni kusudea resori iliyovunjika. Chuma cha resori kimepikwa kiwandani kwa moto uliopimwa na kupozwa kwa namna yake. Moto wa kusudea unaharibu kile kilichopikwa, na pembeni ya mshono chuma kinakuwa kikavu kama mkate wa juzi. Kitavunjika tena, hapo hapo au karibu yake. Ya tatu ni vijana wanaotaka gari liwe chini kwa uzuri, wanachoma resori kwa shalimo ili ilale. Hiyo sitaiongelea sana. Ni kuharibu mali.

Dawa ya kweli ni kubadilisha, na kubadilisha zote mbili za ekseli moja, kushoto na kuume pamoja. Mpya moja na ya zamani moja zinafanya gari livute upande na breki zisishike sawa. Ukinunua mpya, peleka namba ya chasi dukani, si jina la gari tu, maana gari lenye jina moja linaweza kuwa na mashine tofauti, na uzito tofauti unadai resori tofauti. Ukinunua okazio, kama wengi wetu tunavyofanya, zisimamishe mbili kando kando juu ya saruji: urefu sawa, idadi ya pete sawa, unene wa chuma sawa (zungusha uzi kwenye chuma, pima uzi). Ikiwa kuna alama za rangi zilizopakwa kiwandani, zifanane. Ikwaruze kwa ukucha. Kutu ya juu tu si kitu, lakini mahali ambapo kutu imechimba vishimo ndipo itakapovunjika. Ya namna hiyo iache muuzaji abaki nayo. Kumbukeni vilevile mipira midogo ya juu na chini ambamo resori inakalia. Bei yake ni ndogo, na bila hiyo kelele inarudi.

Tuje kwa vyombo, maana hapo ndipo mtoto wako anaponea au anapoumia.

Kriki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Kriki ya mafuta ina mipira ndani ambayo siku moja inavuja, na haitoi taarifa. Gari likishanyanyuka linapaswa kukaa juu ya shandeli, ile miguu mitatu au minne ya chuma yenye pini, iliyowekwa chini ya mahali pagumu pa bodi. Shandeli mbili ndizo za kwanza ninazotafuta kwa macho nikiingia garaji. Nikiona matofali ya simenti yamepangwa badala yake, narudi nyumbani na gari langu kama lilivyo. Tofali linabeba, linabeba, halafu linapasuka mara moja bila kuonya. Kama hakuna shandeli kabisa, gogo nene la mti mgumu lililokatwa sawa ni afadhali kuliko tofali, lakini hiyo ni afadhali tu. Gurudumu lililotolewa liwekwe limelala chini ya bodi: gari likianguka, lianguke juu yake na si juu ya mtu. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa kabari mbele na nyuma, hasa hapa kwetu ambapo kila uwanja una mteremko.

Chombo cha pili ndicho chenyewe cha leo: kibanio cha resori. Kwa kawaida ni vyuma viwili virefu vyenye skurubu ndefu, kila kimoja kina ndoano mbili zinazoshika pete za resori. Ukizungusha skurubu, ndoano zinakaribiana na resori inabanwa. Vinauzwa viwili viwili, na kimoja peke yake hakitumiki kamwe. Uangalie nini? Skurubu iwe na meno makali, yasiyolala, na ipakwe grisi kabla ya kila kazi. Ndoano ziwe pana, zenye pini ndogo au kifungo cha kuzuia zisiteleze kwenye pete. Kisiwe na mshono wa kusudea mahali popote. Kama kimeshapinda, ni chuma chakavu. Kuna garaji chache zenye kibanio kikubwa kilichofungwa ukutani au kwenye stendi, nacho ni bora zaidi, kwa sababu mkono haukaribii resori.

Sasa nitaje kile kinachotumika garaji nyingi badala yake: kamba ya nailoni, waya wa umeme, mnyororo wa pikipiki. Wanakaa vijana wawili juu ya resori, wa tatu anafunga waya, fundi mkubwa anafungua ekru. Siku kumi inafanikiwa. Vidole vya yule mtoto wa Panzi vilivunjika siku ya kumi na moja. Kamba inaweza kuongezwa juu ya kibanio, kama ulinzi wa pili, na hapo naisifu. Kamba peke yake, hapana.

Vingine ni vidogo lakini msividharau. Ufunguo unaoingia ekru sawasawa, wenye pembe sita ndani, kwa maana ufunguo uliolegea unateleza na ngumi ya kijana inagonga chuma. Ufunguo mdogo wa pembe sita wa kushikilia mti wa amortisere usizunguke wakati ekru ya juu inafunguliwa. Fundi akishika mti ule kwa koleo, anaukwaruza, na mwezi ujao amortisere inavuja mafuta na mnalipa tena. Brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu, yapakwe jana yake kama inawezekana. Miwani ya kukinga macho. Na kama garaji ina ufunguo wa kupima nguvu ya kukaza, wenye namba, basi mko kwa fundi anayejiheshimu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi, na mama anaweza kukaa kwenye kiti kidogo pembeni akafuata kwa macho. Ekru za gurudumu zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini. Halafu kunyanyua, shandeli, gurudumu kutoka. Bomba la mpira la breki lifunguliwe pale liliposhikizwa kwenye mguu wa amortisere, na waya kama upo, ili visivutwe. Buloni mbili za chini zinazounganisha mguu na kipande kinachobeba gurudumu ziwekewe alama ya rangi kabla ya kufunguliwa, maana hapo ndipo mwelekeo wa gurudumu unapopatikana. Kipande hicho kifungwe kwa waya juu, kisining'inie kwa bomba la breki. Nimeona mabomba yaliyopasuka ndani kwa sababu hiyo, na breki ikakataa baada ya siku chache.

Kisha fundi anafungua kapo. Pale juu ya mguu ataona ekru tatu zimeuzunguka mduara, na moja katikati. Tatu za pembeni ndizo zinazotolewa ili mguu ushuke. Ile ya katikati haiguswi. Mama, kama utakumbuka kitu kimoja cha kuuliza, uliza hicho: "Ya katikati unaifungua lini?" Jibu sahihi ni: baada ya resori kubanwa na kulegea kwenye viti vyake, basi.

Mguu ukiwa chini, au bora zaidi umeshikwa kwenye eto ya mezani, vibanio viwili vinawekwa vikitazamana, kimoja huku na kingine upande wa pili kabisa, vikishika pete nyingi kadiri inavyowezekana. Fundi anazungusha kimoja kidogo, halafu kingine kidogo, kwa zamu, kwa mkono na si kwa mashine ya hewa. Akikaza upande mmoja tu, resori inajipinda kama ndizi na ndoano zinateleza. Wakati huo wote hakuna mtu anayesimama mbele ya ncha ya resori, juu wala chini, na hakuna anayepeleka uso wake karibu "kuona vizuri." Vijana wanapenda sana kuona vizuri. Resori ikizunguka kwa mkono, imelegea, na sasa ekru ya katikati inafunguliwa.

Resori ya zamani, kama haiwekwi pembeni ikiwa imebanwa, ilegezwe polepole kwa zamu zile zile. Ikiwa imebanwa isiachwe uwanjani watoto wanapopita, wala isigongwe nyundo. Mpya inabanwa kwa njia hiyo hiyo, inakaliswa, na ncha yake ya chini lazima ifike kwenye kizuizi kilichotengenezwa kwenye kiti chake. Isipofika pale, inakuja kujisogeza yenyewe barabarani kwa mlio. Kofia ya juu, ekru mpya kama ni ya aina ya kujifunga, kukaza, na kulegeza vibanio kwa zamu. Mengine ni kurudisha nyuma yale yale.

Nyuma, kwa magari madogo mengi, resori iko peke yake mbali na amortisere, na kazi ni fupi. Lakini mtego uko pale: amortisere ndiyo inayozuia ekseli isishuke. Kwa hiyo kriki iwe chini ya ekseli kabla ya buloni ya amortisere kufunguliwa, na ishushwe taratibu mpaka resori ilegee. Akifungua buloni bila kriki, ekseli inaanguka na resori inaruka, na mara nyingi kichwa cha mtoto ndicho kilicho karibu.

Kazi ikiisha, kanyageni breki mara kadhaa kabla gari halijatoka. Ekru za magurudumu zikazwe kwa msalaba, na zikaguliwe tena baada ya kilometre 50 hivi. Pimeni tena kwa santimetre: resori mpya mbili zinatakiwa kulingana. Halafu gari lipelekwe kupima paralelizimu, maana bila hiyo mipira inaliwa upande mmoja, na mpira wa gari mnajua bei yake.

Nina ombi kwa vikundi viwili vyenye teksi. Mafundi wengi wanaofunga resori kwa waya si watu wabaya, hawajawahi kumiliki kibanio. Wanakula kwa siku, na chombo kinachotumika mara mbili kwa mwezi hawakipi kipaumbele. Sisi tunaweza. Jozi moja ya vibanio na jozi moja ya shandeli, zinunuliwe kwa mfuko wa kikundi, zikae katika ofisi ya chama, ziandikwe kwenye daftari na kuazimwa kwa fundi anayetengeneza magari yetu, kwa sharti moja: kila aprenti aliye pale afundishwe kuvitumia. Fundi wa mwingine akitaka, alipe kidogo kwa siku, na pesa irudi mfukoni. Mama mhazina amekubali kuuliza bei maduka matatu ya vipuri kabla ya mkutano.

Mkutano ni siku ya posho, saa tatu asubuhi, mahali petu pa kila mara. Fundi mmoja amekubali kuleta mguu mzima wa amortisere ulio na resori ndani, na kibanio chake, tuuone kwa macho. Wamama wenye watoto garajini, njooni nao. Wasio na gari nao waje, kiti kipo.